Nta Nyuma ya Mdomo

Mtu akishang'olewa meno yote, uso wake hubadilika kabla hata fizi hazijapona vizuri. Mdomo wa juu unaingia ndani, wekundu wake unapungua mpaka kubaki mstari mwembamba, na mikunjo midogo inajipanga wima kutoka ukingo wa mdomo kuelekea puani. Pembe za mdomo zinashuka. Kidevu kinatokeza mbele na kupanda juu, kikikaribiana na pua. Majirani wanasema mama fulani amezeeka ghafla. Ngozi yake ni ileile ya mwezi uliopita. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa nyuma yake.

Mdomo wenyewe hauna mfupa. Msuli wake mkuu unazunguka kinywa chote, na kila upande unakutana na misuli ya shavu kwenye kifundo kidogo kilicho kama sentimita moja nje ya pembe ya mdomo. Ukibana hapo, kidole gumba kikiwa ndani na cha shahada nje, utakigusa. Umbo la msuli huo, na kiasi cha mdomo kinachoonekana kwa nje, vinategemea meno ya mbele na mfupa unaoyashika. Vikiondoka hivyo, hema limebaki bila nguzo. Mfupa nao ukishakosa meno ya kuushughulisha huanza kulika, kwa kasi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kufuatilia wavaaji wa meno bandia kwa kipindi cha miaka 25, akaonyesha kwamba sehemu ya mbele ya taya la chini hupungua kimo karibu mara nne kuliko ile ya taya la juu.

Siku hizi anayelalamikia mikunjo ya kuzunguka mdomo huelekezwa kwanza kwenye sindano. Dar es Salaam na Nairobi zipo kliniki zinazodunga jeli ya asidi ya hayaluroniki kwenye ukingo wa mdomo, kwa bomba la mililita moja, na kazi hiyo ikifanywa na daktari anayejua mishipa ya damu inapopita, inapendeza kwa miezi kadhaa mpaka mwili uimalize jeli yenyewe. Sina ugomvi nayo. Lakini kwa asiye na meno, jeli inajaza kitu kisicho na pa kuegemea, na mdomo unanenepa huku ukiendelea kuzama. Kazi niliyokwenda kuitazama inaanzia upande wa pili wa mdomo, na anayeifanya hashiki sindano.

Chumba chake kiko nyuma ya kliniki ya meno, Ilala, Dar es Salaam. Kina dirisha moja, na meza imesukumwa hadi chini ya dirisha hilo kwa sababu rangi ya jino haichaguliwi kwa mwanga wa taa. Mezani kuna taa ya spiriti, visu viwili vya nta, chombo chembamba cha kuchongea, rula ya chuma, bakuli la mpira la kukorogea plasta, na kifaa cha chuma chenye bawaba kinachofunguka na kufunga kwa kuiga taya. Fundi ni mtu wa makamo, miwani imemshuka puani. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, humwita Mzee. Yeye humwita Daktari. Hawaingiliani. Kinywani ni kwa daktari na mezani ni kwa fundi, isipokuwa siku ya nta, ambayo wote wawili husimama mbele ya kiti cha mgonjwa.

Mgonjwa niliyemkuta alikuwa mwalimu mstaafu, meno yake ya mwisho yameng'olewa miezi kadhaa nyuma na fizi zimeshapona. Alipozungumza aliuinua mtandio ukafunika mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu," fundi akamwambia.

"Marahaba, baba. Nirudishieni mdomo wangu."

Kipimo cha kwanza ni cha haraka, unga wa aljineti unaokorogwa kwa maji na kuganda ndani ya dakika chache. Kutokana nacho fundi hutengeneza trei inayomfaa mgonjwa huyo peke yake, na kuanzia hapo kazi inapunguza mwendo. Daktari anapasha moto kijiti cha kijani juu ya taa ya spiriti mpaka kilegee, anakipaka kwenye ukingo wa trei, anaichovya trei katika maji ya uvuguvugu isimuunguze mgonjwa, kisha anaitia kinywani. "Chomoza midomo, Mwalimu, tuseme unapuliza jiko. Haya, sasa tabasamu." Misuli ikivutika inaukandamiza ule ukingo laini na kuuachia alama ya mahali inapofika. Ukingo ukizidi hapo, mdomo utayasukuma meno kila mtu anapocheka. Ukipungua, hewa itapenya na seti ya juu itaanguka katikati ya maneno. Trei inatolewa, inapoozwa, inakaguliwa, inarudishwa. Sehemu ya mbele, kisha shavu la kulia, kisha la kushoto. Hakuna anayeharakisha.

Mgonjwa anapakwa mafuta mazito kwenye midomo, maana kinachofuata hunata vibaya kwenye ngozi, na ghafla chumba kizima kinanukia karafuu. Ni uji mzito wa oksidi ya zinki na yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yale yanayokenekwa Pemba kutokana na majani na vikonyo. Bibi wa pwani anayetia karafuu kwenye jino bovu anatumia dawa hiyohiyo. Ute huo unapakwa tabaka jembamba tu ndani ya trei, nao unanasa kila mkunjo wa ufizi, hata kijishipa kinachofunga mdomo wa juu kwenye ufizi katikati.

Plasta na mawe yake nayapita haraka, ingawa fundi asingependa. Anakoroga, anagongagonga bakuli mezani ili mapovu yapande, anamimina kidogokidogo kutoka upande mmoja. Kesho yake ana taya mbili za rangi ya manjano, zisizo na meno.

Juu ya taya hizo anajenga kuta za nta. Analainisha bamba la nta ya waridi juu ya moto, analikunja mara kadhaa, analipinda kufuata upinde wa ufizi, analibandika kwenye kitako kigumu kwa kisu cha moto. Ukuta wa juu anauanzia kimo cha milimita 22 kwa mbele, wa chini milimita 18. Namba hizo ni za kuanzia tu. "Hizi ni za kitabu," aliniambia bila kuinua macho. "Za Mwalimu bado sizijui."

Siku ya nta ndiyo niliyotaka kuiona. Daktari alitia ukuta wa juu kinywani mwa Mwalimu, na kabla ya kupima chochote wote wawili walirudi nyuma hatua moja wakamtazama kimya. Mdomo ulikuwa umetoka mbele, lakini ulitoka kupita kiasi. Ile mikunjo ya wima ilikuwa imenyooka, na pamoja nayo kilikuwa kimepotea kijifereji kinachoshuka kutoka katikati ya pua hadi kwenye upinde wa mdomo. Hicho ndicho anachokiangalia fundi kabla ya yote. Kijifereji kikifutika, nta ni nene mno, hata kama mgonjwa mwenyewe anafurahi kuona mikunjo imekwisha. Aliutoa ukuta, akapasha kisu, akakwangua uso wa mbele wa nta tabaka lisilofika milimita moja, akaupuliza vumbi la nta, akaurudisha. Akatazama. Akautoa tena.

Kipo kipimo cha kumwongoza. Nyuma ya mahali yalipokuwa meno mawili ya mbele, kwenye kaakaa, kuna kivimbe kidogo cha nyama ambacho hakihami sana hata mfupa unapolika. Nyuso za mbele za meno yale ya asili huwa milimita 8 hadi 10 mbele ya katikati ya kivimbe hicho. Fundi hupima kwa rula juu ya plasta, akajua meno yalisimama wapi miaka iliyopita. Ufizi wa leo umerudi nyuma na kupanda juu, kwa hiyo anayepanga meno juu ya ufizi moja kwa moja anaupanga mdomo ndani ya shimo. Hili ndilo kosa la seti nyingi za bei rahisi. Mtu ana meno mapya na bado mdomo wake umezama.

Kosa la upande wa pili limechapwa kwenye noti ya dola moja ya Marekani. George Washington alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Meno yake bandia hayakuwa ya mbao kama hadithi isemavyo. Seti zake zilitumia meno ya kiboko, meno ya watu na risasi, na zilishikwa na springi zilizomlazimu kukaza taya ili kinywa kisifunguke chenyewe. Gilbert Stuart alimchora mwaka 1796, na picha hiyo ndiyo asili ya uso ulioko kwenye noti. Itazame sehemu iliyo kati ya pua na kidevu: imevimba, na mdomo umebanwa ukawa mstari.

Baada ya unene ni urefu. Kwa kijana, mdomo wa juu ukitulia, ncha za meno huonekana kama milimita mbili chini yake. Kwa mtu mzima mdomo unarefuka na kulegea, na meno yanajificha. Mwalimu alitaka yaonekane. Fundi alikata nta mpaka ikasalia ncha tu, nusu ya kile alichoombwa, akamwambia kwa upole kwamba meno ya msichana kwenye uso wa bibi yataonekana kabla ya bibi mwenyewe. Mwalimu alicheka, akakubali. Kisha daktari aliweka kipande cha plastiki bapa chini ya nta, akasimama mbele, akahakikisha kinalingana na mstari wa mboni za macho. Akaenda pembeni, akahakikisha kinalingana na mstari kutoka bawa la pua hadi kwenye kijinyama cha mbele ya tundu la sikio. Mstari huo una jina la Petrus Camper, Mholanzi wa karne ya 18, na unatumika mpaka leo.

Kimo cha uso mzima kinaamuliwa na ukuta wa chini. Daktari alitia nukta mbili za wino, moja nchani mwa pua, nyingine kidevuni, akamwambia Mwalimu aseme "mama" kisha atulie. Taya likipumzika meno hayagusani. Hubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Alipima, akaandika, akaingiza kuta zote mbili, akamwambia aume, akapima tena. Kuta zilikuwa juu mno. Fundi alichukua ukuta wa chini, akaupitisha juu ya bamba la chuma lililopashwa moto, nta ikayeyuka sawasawa bila kupinda. Walipima. Bado. Akaupitisha tena, mara hii kwa kuugusisha tu. Kimo kikizidi, midomo haikutani na meno yanagongana mtu anapozungumza. Kikipungua, kidevu kinapanda, ngozi inajikunja kwenye pembe za mdomo, mate yanatuama humo, na fangasi wanaoleta ile mipasuko inayouma wanapata makao. Mipasuko ya pembeni ambayo watu huipaka mafuta mwaka mzima bila kupona, mara nyingi chanzo chake ni meno bandia yaliyosagika.

Halafu likaja jaribio la maneno. "Hesabu, Mwalimu, kuanzia sitini." Akahesabu: sitini na moja, sitini na mbili, mpaka sitini na sita na sitini na saba, ambapo daktari aliinama kutazama. Kwenye herufi ya "s" kuta mbili zinapaswa kukaribiana mno bila kugusana. Zikigusana, kimo bado ni kirefu. "Sema fedha. Sema vifaranga." Hapa ukingo wa juu unapaswa kuugusa mdomo wa chini pale sehemu kavu inapokutana na yenye umajimaji. Ukigusa nje zaidi, meno yametoka mno. Ndani zaidi, yamerudi nyuma. "Sema dhahabu. Thelathini na tatu. Themanini." Ncha ya ulimi ilichungulia kidogo kati ya kuta, inavyopasa. Jaribio hili la mwisho, fundi alinieleza baadaye, halimfai kila mtu. Aliyesema "selasini" maisha yake yote usimpime kwa "thelathini". Utakata nta iliyo sawa.

Mwalimu alikuwa ameleta picha ya siku za chuo cha ualimu. Kwenye picha anacheka, na katikati ya meno ya juu ana mwanya. Fundi aliishika picha karibu na dirisha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakuuliza kama anautaka. Aliuliza ulipitisha nini, na Mwalimu akajibu kwamba uzi wa kushonea ulipita, njiti ya kiberiti haikupita.

Meno ya mbele ya akriliki huja yamepangwa sita sita kwenye vibao vya nta, kila kibao na namba ya rangi. Weupe unaouzwa sana ndio anaoukwepa. Alichagua rangi yenye umanjano kidogo, akaanza kupanga. Anayeyusha tundu kwenye ukuta wa nta, anaingiza jino, anadondosha tone la nta shingoni mwake, anasubiri lishike, anaangalia kutoka mbele, chini na upande. Meno mawili ya mbele aliyatenga kwa upana wa mwanya. Yaliyo pembeni yake aliyainua kidogo, nusu milimita hivi, na moja akaligeuza kidogo kabisa kwa sababu kwenye picha lilikuwa limegeuka. Chonge alizikazia macho zaidi, maana zinasimama kwenye kona ya upinde na ndizo zinazozuia pembe za mdomo zisishuke. Magego aliyapanga kwa kuangalia kifaa chenye bawaba, akifungua na kufunga, akiweka karatasi ya wino katikati na kusoma madoa. Meno 28, na kila moja liliguswa zaidi ya mara moja. Wakati mmoja aliling'oa jino la pili kulia ambalo mimi niliona liko sawa, akalipanga upya mahali ambapo pia niliona pako sawa. Alipoweka seti mwangani ndipo nikaona kwamba hapo mwanzo lilikuwa linatupa kivuli.

Majaribio yalifanyika meno yakiwa bado kwenye nta. Mwalimu alipewa kioo. Alifumba mdomo kwanza, akajitazama mdomo umefumbwa kwa muda, ndipo akacheka. Daktari alimwomba aseme anachotaka kibadilishwe, kwa kuwa baada ya hapo hakibadiliki. Aliomba mikunjo miwili iliyobaki juu ya mdomo ijazwe. Fundi alibandika tone la nta nyuma ya mdomo, mikunjo ikafifia, kijifereji kikaanza kufutika. Akamwonyesha hilo kwenye kioo, akaliondoa tone. Mwalimu hakubisha.

Usiku wa mwisho kazi yote ya nta inaangamizwa. Seti inazikwa kwenye plasta ndani ya kasha la shaba la nusu mbili. Kasha linatiwa katika maji ya moto, linafunguliwa, na nta yote aliyoihangaikia inamwagwa. Meno yanabaki yamekamatwa na plasta, yakizunguka nafasi tupu yenye umbo lilelile. Unga wa akriliki na majimaji yake huchanganywa, sehemu tatu kwa moja, kwenye gudulia lenye kifuniko. Kwanza unakuwa na chembechembe, kisha unavutika nyuzi ukiuchokoa, kisha unaacha kunata kwenye kuta za gudulia, na hapo tu ndipo unajazwa. Fizi zetu wengi zina weusi, na unga wa dukani ni wa waridi tupu, hivyo anauongezea unga mweusi wa kahawia kidogo mahali panapoonekana mtu akicheka. Kabla ya akriliki hii, iliyoanza kutumika kwenye meno bandia mwaka 1937, fizi bandia zilikuwa za mpira mgumu wenye rangi ya matofali.

Kasha linabanwa kwa presi, linatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 74 na kuachwa humo saa nane au zaidi, kisha maji yanachemshwa saa moja. Yale majimaji ya akriliki huchemka karibu na nyuzi 100. Mwenye haraka akiyachemsha tangu mwanzo, yanachemkia ndani na kuacha vitundu vitakavyofuga uchafu na kuvunja seti. Kupoa nako ni kwa taratibu, mezani, si kwenye maji ya bomba, la sivyo seti itapinda. Asubuhi anapasua plasta kwa nyundo ndogo, anakata kingo, anapiga msasa kutoka wa kukwaruza hadi laini, kisha anang'arisha kwa unga wa pumisi uliolowa kwenye mota. Sehemu inayogusa ufizi haing'arishi, kwa sababu humo ndimo alama za ule ute wa karafuu zilimo.

Mwalimu aliyavaa, akala biskuti mbele yetu kwa tahadhari, akahesabu sitini na sita bila kuombwa. Mdomo wa juu ulikuwa umerudi mbele na wekundu wake kuonekana, pembe zimenyanyuka, kidevu kimeshuka mahali pake. Mikunjo mingi ya wima ilikuwa imelainika. Ile miwili ilibaki, na kwa maoni yangu ilimfaa. Mtandio ulikuwa begani.

Meno ya aina hii huvuliwa usiku na kulazwa majini, na husuguliwa kwa brashi laini na sabuni, si dawa ya meno inayokwangua. Mvaaji hurudi kuangaliwa kila mwaka, kwa kuwa mfupa haukomi kulika na seti inayokaa vizuri leo itakuja kulegea. Mwenye mzazi nyumbani aliyeanza kufunika mdomo anapozungumza, ampeleke kwa daktari wa meno kwanza. Sindano, ikiwa bado itahitajika, itakuwepo.